Jina Langu Liko CRB, na Mume Wangu Anataka Twende Benki Pamoja

Mpendwa Mama Gladwell, naomba unisaidie kunyoosha mambo haya, kwa maana nimeuliza watu swali moja na kila mmoja amenipa jibu lake, na sasa hata sijui kama swali lenyewe nililiuliza vizuri.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi karibu na Nkubu, na kwa miaka minne nimekuwa nikitengeneza unga wa uji, nachanganya wimbi, mtama, soya na ndizi iliyokaushwa, nasagisha kwa jirani, napakia na kuuza sokoni na kwa akina mama waliojifungua, na kazi imekua mpaka nimemwandika dada mmoja, Ciakuthii, anisaidie kupepeta. Mwezi jana Bwana Ndwiga, mwenye duka kubwa kule Embu, alionja uji wangu akasema anataka pakiti mia tatu kila mwezi, lakini akaniambia, "Mama, mimi silipi kwa simu ya mtu. Niletee akaunti ya benki yenye jina la biashara kabla mwezi ujao haujaisha."

Basi nikasajili jina la biashara, nikaandika mimi na mume wangu Kiogora, maana yeye ndiye aliyeninunulia mizani na mashine ya kufunga pakiti, na nikaenda benki moja hapo Meru mjini nikiwa na karatasi zangu zote. Karani alikuwa kijana wa heshima, akaniuliza maswali, akauliza kama biashara itahitaji mkopo wa kununua mashine ya kusaga, nikasema ndiyo, nani hahitaji, akabonyeza kompyuta, halafu akainama akasema kwa sauti ya chini, "Mama, jina lako liko CRB, kwa wale wanaoweka rekodi za wasiolipa mikopo. Itabidi urekebishe kwanza." Nilikusanya karatasi nikatoka bila kuuliza kitu, kwa sababu nyuma yangu kwenye foleni alikuwa amesimama mwalimu anayefundisha shule moja na mume wangu.

Sasa acha nikuambie kile ambacho sijamwambia mtu. Miaka mitatu iliyopita mama yangu alilazwa Embu kwa wiki tano, Kiogora akatoa kila alichokuwa nacho, na mimi nikaona aibu kumwomba tena, nikakopa kwa simu, halafu nikakopa kwingine kulipa kule kwa kwanza, halafu kwingine tena, mama akafariki na mimi nikashindwa kulipa. Wale watu wakaanza kupigia kila namba iliyokuwa kwenye simu yangu, wakampigia hata mwenyekiti wa kina mama kanisani, mtu ninayempigia labda mara moja kwa mwezi, wakamwuliza kama anamjua mwizi huyu. Nikavunja laini nikanunua nyingine, nikamwambia mume wangu kwamba simu ilianguka kwenye ndoo ya maji, nikadhani mambo yameishia hapo.

Nimemwuliza shemeji yangu Mukiri, anayefanya kazi kwenye sacco, nikijifanya ni shida ya mtu mwingine, akasema, "Akaunti mtu anafungua tu, CRB ni mambo ya mkopo." Kaburu wa saiba, pale tunapolipia kutumia kompyuta, akaniambia, "Nipe elfu sita, jina linatoka kwa siku mbili." Na rafiki yangu Rahema, mwenye duka la leso hapo Majengo, akasema, "Tumia jina langu, mimi sina deni na mtu, pesa ikiingia nakupatia yote." Najua Rahema hawezi kunilia pesa, lakini moyo unakataa na sijui unakataa nini.

Kiogora amefunga shule na kila siku ananiuliza habari ya akaunti. Siku ya kwanza nilimwambia mtandao wa benki ulikuwa umepotea, siku ya pili nikasema meneja hayuko, na jana akaniambia, "Mama Kananu, Jumanne tunaenda sisi wawili, nami ni lazima niweke sahihi." Ametoa hata suti ya harusi akaipeleka kwa dobi. Mama Gladwell, sijui nimwambie, au nimlipe Kaburu kabla ya Jumanne, au nichukue jina la Rahema, au nimwachie Ndwiga duka lake na nirudi kuuza sokoni kwa kikombe. Nimechanganyikiwa kabisa.

Mama Kananu (si jina langu), Nkubu

JIBU

Mama Kananu, uliacha namba ya simu chini ya barua, na kwa kuwa Jumanne iko karibu, sikungoja gazeti. Nilikupigia Ijumaa na nikakuuliza swali moja: "Karani alikuambia hawezi kukufungulia akaunti?"

Ukasema, "Aliniambia nirekebishe."

"Urekebishe ndipo upate nini, akaunti au mkopo wa mashine?"

Ukasema, "Sikuuliza."

Sasa ona. Ulienda kufungua akaunti, ukaulizwa habari ya mkopo hapo hapo ukakubali, na karani akaangalia kile ambacho benki huangalia mtu akitaka mkopo. Ulijibiwa juu ya mashine, wewe ukasikia juu ya akaunti, kwa sababu ya aibu na ya mwalimu aliyekuwa nyuma yako. Mukiri alikuambia ukweli. Akaunti ya kupokea pesa yako mwenyewe ni jambo moja, na kukopeshwa pesa ya benki ni jambo lingine. Kila benki ina masharti yake, kwa hivyo uliza waziwazi, na hiyo ikikataa, ziko nyingine mjini.

Kaburu usimpe hata mia. Yeye hana uwezo wa kufuta jina la mtu. Rekodi hubadilika pale deni linapolipwa na aliyekukopesha anapopeleka habari hizo, na hata hivyo itaonekana kwa miaka kadhaa kwamba ulichelewa. Ni afadhali isomeke ulichelewa ukalipa kuliko ulitoroka. Rahema naye mshukuru sana na umkatalie. Pesa iliyo kwenye jina lake ni yake mbele ya benki, na akiugua au akifa utaanza kuelezana na watoto wake, na Ndwiga bado atataka jina la biashara yako. Moyo ulipokataa, ulikuwa na akili kuliko kichwa.

Tuje kwa mume. Hapa nilikugombeza kwa simu na nitakugombeza tena gazetini. Unasema waliopiga walimfikia mwenyekiti wa kina mama, mtu unayempigia mara moja kwa mwezi. Je, namba ya Kiogora, unayempigia kila siku, waliiruka? Nilipokuuliza hivyo ulisema, "Ngai, Mungu wangu," ukakata simu.

Jumapili baada ya kanisa ukanitumia ujumbe, na umeniruhusu niuandike hapa. Ulimwambia yote mkiwa mnamenya ndizi. Akaendelea kumenya, kisha akasema, "Walinipigia mwaka ule, mara nne. Niliwaambia wamekosea namba. Nimekuwa nangoja uniambie mwenyewe." Unaniambia ulilia, halafu ukakasirika kwamba alijua miaka mitatu akanyamaza. Kasirika kidogo, una haki. Yeye ana haki zaidi. Hata kwake nina neno: mwalimu, kungoja bila kusema kitu kulimwacha mke wako peke yake na mzigo ambao wewe uliujua. Mlifichana kwa huruma, na huruma hiyo imewagharimu miaka mitatu. Msirudie.

Sasa kazi. Leo Jumatatu, omba ripoti yako kutoka CRB wenyewe. Moja kwa mwaka hutolewa bure. Keti na Kiogora muisome mstari kwa mstari, kwa maana tangu uvunje laini hujui unadaiwa ngapi na nani, na inawezekana kuna deni hapo ambalo si lako. Lililo lako, waandikie waliokukopesha, uwaambie utalipa kidogo kidogo kutoka kwa unga, na wakujibu kwa maandishi kabla hujatoa shilingi ya kwanza. Ulipe kwenye akaunti ya kampuni iliyokukopesha, si kwa simu ya mtu anayekupigia akikutisha. Lisilo lako, lalamika kwa maandishi na uweke nakala.

Mashine ya kusaga sahau kwa sasa. Jirani bado anasaga.

Jumanne, nenda benki ile ile, kwa karani yule yule, ukiwa na kitambulisho, PIN ya kodi ya KRA, cheti cha usajili na mume wako. Pale fomu inapouliza habari ya mkopo, andika hapana. Mwambie karani, "Nimekuja kufungua akaunti ya biashara. Sitaki mkopo. Jina langu liko CRB, najua, na nimeanza kulishughulikia." Useme kwa sauti ya kawaida, hata kama nyuma yako wamesimama walimu wote wa Meru.