Baba Anataka Kupanda Ndege na Bunduki, Nami Naogopa Mikono Yake

Mpendwa Shangazi Gizella,

Naomba msaada wako, tena naomba usikitaje kijiji chetu, maana huku Zala, magharibi ya Hungaria, kila mtu anamjua baba yangu na nusu yao wamekula nyama aliyoipiga yeye. Jina langu waweza kuliandika, akina Emőke tuko wengi.

Baba anaitwa Barnabás, ni bwana misitu mstaafu, amewinda tangu kabla sijazaliwa na ndiye aliyenifundisha kushika bunduki, akinipiga kofi mkononi kila nilipogusa kifyatulio kabla ya wakati, na kila tuliporudi kutoka porini alinilazimisha niifungue bunduki yangu nimwonyeshe kwamba haina risasi, hata kama mvua inatunyeshea, hata kama ameshaona kwa macho yake, na siku niliyomjibu kwamba najua iko tupu akaniambia kwamba hao wanaojua ndio wanaoua watu. Nakueleza haya usije ukadhani ni mlevi au mzembe, shangazi, baba yangu ni mtu ambaye watu wazima walikuwa wakiketi wima anapoingia.

Tangu mama afariki kuna jambo moja tu linalomtoa kitandani, nalo ni Namibia. Yeye na rafiki yake mzee Kelemen wamepanga kwenda kuwinda tandala na choroa, na mimi naenda nao kwa kuwa nina leseni na kwa kuwa mmoja wetu lazima aweze kusoma vibao vya uwanja wa ndege. Tikiti zimekatwa, vibali vya bunduki vimetoka, shirika la ndege limekubali makasha yetu, na baba amenunua kasha jipya gumu lenye kufuli analolipangusa vumbi kila asubuhi kana kwamba ni gari la harusi. Tunaondoka mwezi ujao.

Sasa nisikilize. Mwezi Mei tulikwenda kuvizia paa dume kule nyuma ya kinu cha zamani, tukamchukua na binti yangu Piroska, ana miaka tisa, hatukupata kitu, na wakati wa kurudi baba akaiingiza bunduki yake kwenye mfuko wake akailaza kiti cha nyuma, mimi nikaendesha, na Piroska akasinzia huku ameegemeza kichwa kwenye ule mfuko, mimi namwona kwenye kioo na nafurahi kwamba mtoto amelala. Tulipofika baba alisema mgongo unamuuma, nikamwambia akapumzike, bunduki nitaisafisha mimi. Nikaiweka juu ya meza ya jikoni, nikavuta komeo lake nyuma, na risasi nzima ikaruka ikaanguka kwenye vigae ikabingirika hadi chini ya jiko. Kile kizuizi cha usalama nacho kilikuwa wazi. Nilikaa chini sakafuni shangazi, na Piroska amesimama mlangoni ananiuliza kama naweza kumpakia mkate mafuta na vitunguu, na baba kutoka chumba cha pili anauliza, "Iko safi?" nami nikamjibu kwamba iko safi.

Sikumwambia. Mpaka leo sijamwambia mtu yeyote ila wewe.

Tangu siku hiyo namchunguza baba kama askari, na ninachokiona sikipendi. Chumvi naikuta kwenye jokofu na nyama naikuta kabatini. Amemwita Piroska kwa jina la mama yangu, na mtoto akaitikia tu ili asimwaibishe babu yake. Siku moja akitoka kinuni na gari alipita njia panda yetu akaenda mpaka karibu na mpaka wa Slovenia, akarudi akasema alikuwa anaangalia mashamba.

Wiki iliyopita mzee Kelemen alikuja na tukafanya kama mazoezi ya kufungasha, maana masharti ni mengi, komeo litolewe kwenye bunduki, risasi zikae kwenye kisanduku chao chenye kufuli, mbali na bunduki, na mfukoni usikutwe nayo hata moja. Baba alifanya yote vizuri kuliko sisi, mikono yake inakumbuka hata akili ikichelewa, mzee Kelemen akamsifu, nami nikaanza kupumua. Kisha nikachukua koti lake la kijani, lile atakalolivaa ndani ya ndege, nilitundike, nikasikia uzito. Kwenye mfuko wa ndani mlikuwa na risasi. Nikazitoa nikaziweka mezani. Baba alizitazama kama unavyotazama picha ya mtu usiyemjua, halafu akacheka.

"Umeziweka wewe," akaniambia. "Hutaki niende."

Mzee Kelemen naye akacheka, akamwambia, "Barnabás, ukikamatwa huko mimi sikujui. Nitasema tumekutana chooni."

Wakacheka wote wawili, wakanywa pálinka, ile pombe yao kali ya matunda, lakini mimi niliuona mkono wa baba ulipozichukua zile risasi. Aliuficha haraka chini ya meza.

Shangazi, silali. Njiani tutapitia nchi ambayo watu wanasema ukikutwa na risasi moja mfukoni unafungwa kwanza na maswali yanafuata baadaye, na namwona baba kwenye chumba kisicho na dirisha akiulizwa kwa lugha asiyoijua juu ya kitu asichokikumbuka. Tukivuka hapo, huko Namibia kuna mtu atakayetembea mbele yake akifuata nyayo, mtu ambaye hata jina lake silijui, ana watoto wake, na mgongo wake utakuwa mbele ya mtutu wa baba.

Nikimwambia daktari watamnyang'anya leseni siku hiyo hiyo. Jirani yetu mmoja alipochukuliwa bunduki zake baba alisema afadhali wangemzika tu. Kabati la chuma liko chumbani kwake na ufunguo uko shingoni mwake, na naogopa atakachokifanya akisikia wanakuja, unanielewa ninachoogopa, siwezi kukiandika.

Nimefikiria kuitoa pini ya kufyatulia kwenye bunduki yake kwa siri, aende nayo, afurahi, isilie. Au nijifanye mgonjwa ili safari ivunjike. Nifanye lipi? Nijibu upesi, siku zinakwenda na yeye anazihesabu kwa furaha.

Emőke


Emőke,

Nimeisoma barua yako, na nilipofika pale mtoto alipoegemeza kichwa kwenye ule mfuko nilisimama nikaenda kufungua dirisha. Pole, mwanangu. Kumwona baba yako anapotea huku amekaa mbele yako mezani ni msiba, na wewe unauomboleza peke yako kwa sababu marehemu anaomba supu. Hilo nimelielewa. Sasa kaa vizuri, nikuseme.

Tangu Mei unajua kwamba mtu asiyekumbuka kama bunduki yake ina risasi analala na ufunguo wa bunduki shingoni, katika nyumba yenye mtoto. Unaogopa uwanja wa ndege. Unaogopa polisi wa nchi ya watu. Unamwogopea mtu wa Namibia usiyemjua, na ni vizuri umemkumbuka, wengi hawamkumbuki. Lakini hatari haingoji mwezi ujao, iko chumba cha pili. Hilo unaliita kumstahi baba yako. Mimi naona unamlipia heshima yake kwa kichwa cha Piroska.

Habari ya pini iache kabisa. Nilimpigia mtu anayeongoza wawindaji huko kusini, akanieleza hivi. Mnyama aliyejeruhiwa akigeuka, yule anayewaongoza anahesabu bunduki zilizo nyuma yake. Ukimpa ya uongo umemwibia. Na baba yako si mtoto. Atavuta, isilie, ataifungua mbele ya wageni na kuona kilichofanyika, na atajua ni nani aliyefanya. Utakuwa umemvua nguo kadamnasi. Ugonjwa wa uongo nao usijaribu: wewe utabaki kitandani, Kelemen atamchukua rafiki yake wataondoka bila wewe, na hapo ndipo utakapougua kweli.

Fanya hivi. Nenda kwa mzee Kelemen leo, kabla hujamkabili baba. Mwambie yote, na ya jikoni umwambie. Atakataa kwanza, kwa sababu akikubali inabidi ajiulize na yeye mwenyewe. Mkalie mpaka akubali. Ana leseni na ana kabati la chuma. Ulizeni polisi wenu utaratibu wa kuhamisha silaha, kisha bunduki zote, na zako pia, zitoke nyumbani kwenu mnapopata sababu yoyote ya kawaida: kusafishwa darubini, kupimwa shabaha. Zikishatoka ndipo useme na baba. Si kabla. Ulichoogopa kukiandika nimekisoma, na una haki ya kukiogopa.

Mwambie mchana, mkiwa wawili, mahali ambapo mikono yake ina kazi. Usimwambie kwamba anazeeka. Mwambie kilichoruka kutoka kwenye bunduki na nani alikuwa amelala juu yake. Usilie kabla hajalia. Usimwache peke yake siku hiyo, wala inayofuata. Akitamka neno lolote la kutaka kufa, usilipime, mpigie daktari hapo hapo. Na kwa daktari lazima aende hata akiwa mtulivu, maana kusahau kuna sababu nyingi na baadhi yake zinatibika, na wewe umeshamhukumu bila kipimo.

Namibia anaweza kwenda, daktari akiruhusu. Bila bunduki. Waandikie wenyeji wenu na shirika la ndege kwamba kasha lake limefutwa, na mifuko ya makoti yake yote uipekue mwenyewe, kila mshono. Atatembea na nyinyi, ataona wanyama, atakukosoa unavyoshika bunduki. Kama hataki hivyo, basi hamwendi, na uibebe lawama hiyo. Wewe ni mkubwa sasa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Usiniandikie kwanza kuniuliza kama nina uhakika. Nenda kwa Kelemen.

Shangazi Gizella


Emőke ameandika tena msimu wa mavuno, na ameniruhusu niyatoe haya.

Shangazi,

Mzee Kelemen alinifukuza kwake, kisha akanifuata hadi langoni akaniambia nirudi ndani. Bunduki alizichukua yeye kwa kisingizio cha kupima shabaha, baada ya kuuliza polisi, na baba alimvulia ufunguo shingoni.

Nilimkuta baba shambani anafunga mizabibu, nikamwambia. Aliniita mwongo. Akasema nimeanza kugawana mirathi angali hai, akauliza bunduki ziko wapi hasa, na nilipomwambia akakaa chini, palepale kwenye udongo, na kamba za mizabibu mkononi. Nilikaa naye. Niliogopa kuliko siku ile ya jikoni, kwa sababu hakuwa amekasirika tena, na sikujua kilichokuwa kinakuja.

Baada ya muda akaniuliza, "Kichwa chake kilikuwa upande gani?"

Nikamwambia. Upande wa mtutu.

Usiku huo nililala sakafuni mlangoni kwake, na sikuona haya. Asubuhi alivaa shati la kanisani akaniambia nimpeleke kwa daktari, na huko akajieleza mwenyewe, hata mambo ambayo mimi sikuyajua: kwamba tangu majira ya baridi alikuwa anaandika jina la Piroska kiganjani kabla ya kwenda kumchukua shuleni. Ni ule ugonjwa usiorudi nyuma. Kuna dawa za kuuchelewesha. Leseni aliisalimisha kwa mkono wake, akasahihisha tahajia ya yule karani.

Tulikwenda. Kwenye kaunta ya uwanja wa ndege polisi alikagua bunduki yangu na ya mzee Kelemen, akamgeukia baba akamuuliza yake iko wapi. Baba akasema, "Sina. Nimewasindikiza hawa." Kwenye nchi ya kupitia walitangaza jina langu kwenye spika, nikampekua baba tena mbele za watu, naye akanyanyua mikono bila kulalamika, akaniacha nimpekue. Walitaka sahihi tu.

Baba ndiye aliyemwona tandala dume kwanza, kabla ya mfuatilia nyayo, ambaye anaitwa Festus na ana watoto wanne, nilimuuliza. Baba alinigusa bega akanyoosha kidole. Nilipiga nikakosa, vibaya sana, na baba alicheka mpaka Festus naye akacheka.

Bado naogopa. Anasahau zaidi kuliko Mei. Lakini kwenye ndege ya kurudi alimsimulia mzee Kelemen jinsi nilivyokosa, akamsimulia tena, akamsimulia tena, na kila mara tandala alikuwa karibu zaidi. Na mzee Kelemen, ambaye alikuwa amesimama pale pale na sisi, alimsikiliza kila mara mpaka mwisho, na kila mara alimuuliza, "Ehe, ikawaje?"