Gari la Utafiti Lilikuja Bila Wewe

Nyumbani, Kipatimu,
Wilaya ya Kilwa.
11 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Dativa,

Tumsifu Yesu Kristo. Na marahaba, maana najua ukiifungua tu barua hii utasema shikamoo hata kama hakuna wa kukuitikia. U hali gani huko kwenye baridi? Kifua kimetulia? Mama anauliza kama bado unalala na soksi, na kama unakula chakula cha kushiba au ndio yale ya chai na kitabu.

Sisi hatujambo, ukiacha macho ya Mama yanayozidi kufifia na goti langu la siku zote. Mbaazi zimekubali mwaka huu. Ufuta haukukubali sana, lakini hatulali njaa.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu ninayotaka kukueleza hayasemeki kule kilimani kwenye mtandao, watu wamesimama bega kwa bega na kila mmoja anasikia ya mwenzake. Sipriani, dereva wa chuo chenu, yuko huku tena na anarudi kesho. Ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi. Tena ni wifi yako Rosemary mwenyewe aliyesema nikuandikie. Bila ruhusa yake nisingethubutu.

Nianzie siku ile gari lilipokuja bila wewe.

Ulisema Juni mtakuja na wenzako kuwauliza kina mama wa Kilwa habari za uzazi na afya ya watoto, nasi tukakungoja. Mama alikutandikia kitanda kwa mikono yake, kwa kupapasa. Mimi nikachinja jogoo. Gari likapanda, likasimama, akashuka Sipriani, akashuka na binti mrefu aliyejifunga mtandio, basi. Mama alibaki ameuelekea ule mlango wa gari.

"Na mwingine?" akauliza.

Yule binti alipiga magoti akamwamkia. Akasema anaitwa Siti, mtu wa Pande, mwanafunzi wako. Akaeleza kwamba mwalimu wenu mmoja amestaafu, mwingine yuko masomoni, na hiyo idara ya unasihi imekubakia wewe. Ukiondoka, hakuna wa kufundisha wala wa kusahihisha mitihani. Mama akamwitikia marahaba, akaingia ndani. Jogoo akaliwa na Siti, na kitandani kwako akalala Siti. Sikumwonea wivu, mgeni ni mgeni, lakini nilipozima taa nilisikia Mama anageuka geuka.

Mara nyingi najiuliza chuo kizima kinakosaje walimu. Halafu nakumbuka zahanati yetu. Nesi ni mmoja na kina mama wamejaa benchi mpaka nje. Anapima watoto, anachoma sindano, anaandika kadi, anaita mwingine. Hata angetaka kukuuliza umelalaje, aliye nyuma yako keshaanza kuguna. Pengine na kwenu ni hivyo hivyo.

Sasa nikwambie habari za Rosemary.

Unajua alivyojifungua Aprili, barabara yote tope. Ndugu yetu Klementi na wenzake walimbeba kwa machela mpaka mahali gari lilipoweza kufika, na mvua haikuwahurumia. Mtoto akapatikana salama, ndiye huyu Faustino. Tulikupigia simu, ukapiga vigelegele, tukafurahi. Ambalo hatukukwambia ni kwamba Rosemary hakufurahi. Alirudi nyumbani akakaa ameelekea ukuta. Ukimpa mtoto atamnyonyesha, lakini macho yako kwingine. Akimaliza anamweka kando kama mtu anayetua ndoo. Nywele hachani, chakula anagusa tu. Watu wakasema karogwa. Wengine wakasema watu wa Mtama, kwao Rosemary, wameletewa mkwe mzuri, wao wametuletea mvivu. Mimi nilimpikia, nikamfulia, nikamwombea. Kumuuliza ana nini, sikujua hata nianzie wapi.

Siti alianza kazi yake kesho yake baada ya kufika, nyumba kwa nyumba, na kile kishikwambi kama cha makarani wa sensa. Alipofika zamu ya Rosemary aliomba wakae wawili peke yao, wakatandika mkeka nyuma ya jiko. Mimi nilikuwa pembeni ya ua, ninapoweza kuwaona, napukuchua mbaazi. Waliyosema sikuyasikia, lakini niliwaona. Nikaona Siti anauliza, anabonyeza, anauliza, anabonyeza. Kisha nikaona amekilaza kile kishikwambi kifudifudi mkekani, akasogea karibu, akayakumbatia magoti yake mwenyewe, akangoja. Walikaa hivyo mpaka nikadhani kazi imekwisha. Halafu nikasikia mtu analia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia hapa nyumbani.

Haya yaliyosemwa pale amenihadithia Rosemary mwenyewe baadaye. Siti alimuuliza kama baada ya kujifungua kuna mtu yeyote aliyekaa naye wakazungumza anavyojisikia. Rosemary akajibu, "Hakuna. Hata wewe umekuja na maswali yako, ukimaliza unaondoka."

Siti akamwambia, "Maswali nimeyaweka. Siondoki. Niambie."

Ndipo Rosemary akamwambia kwamba kila alfajiri anapoamka anatamani kuniachia mimi wifi yake mtoto, aondoke, aende asirudi. Si kwao Mtama. Asirudi kabisa. Na kwamba anaogopa, kwa sababu jambo hilo limeanza kumjia kama jambo jepesi.

Siti alimwomba ruhusa atuite. Hakutueleza aliyoambiwa, alisema tu kwamba huyu ni mgonjwa kama mgonjwa wa malaria, kwamba asiachwe peke yake, na kwamba hospitalini Lindi mjini kuna nesi wa unasihi anayefahamiana naye, na gari lipo.

Ndugu yako Klementi akaja juu. "Mke wangu si mwendawazimu. Mkimpeleka huko, akirudi watamwitaje hapa?"

Siti akasema kwa adabu, "Kaka, sijasema ni mwendawazimu. Nimesema anaumwa."

"Wewe umekuja kuuliza, sio kutibu."

"Ni kweli. Lakini mwalimu wetu Dativa alitufundisha kwamba swali ukishaliuliza, ubaki usikie jibu lake."

Kusikia jina lako Klementi alirudi nyuma, lakini hakukubali. Alisimama mlangoni amekunja mikono. Hapo Mama akazungumza. Alikuwa amekaa na Faustino mapajani, maana tangu mtoto azaliwe Mama ndiye aliyembeba kuliko sote, nami nilidhani ni mapenzi ya bibi tu.

Dativa, haya yanayofuata nimemuuliza Mama mara mbili kama niyaandike. Amesema, "Mwandikie. Ni mtu mzima, na ndiyo kazi yake."

Alisema hivi: "Klementi, ulikuwa mdogo, hukumbuki. Nilipomzaa Dativa nami nilielekea ukuta. Mvua zilianza zikaisha, sikumtazama usoni. Bibi yenu ndiye aliyembeba. Mimi nilinyonyesha tu, kama mbuzi. Walisema mvivu, walisema jini. Mpaka leo hakuna aliyeniuliza. Huyu ameulizwa. Mwache aende."

Mdogo wangu, mimi nilikuwa na akili zangu wakati ule, nakumbuka mgongo wa Bibi na wewe juu yake. Nilidhani watoto wote hubebwa na bibi zao. Klementi alimtazama Mama kama ndio kwanza anamwona siku hiyo. Kisha akatoka nje, tukafikiri amekasirika, kumbe amekwenda kukunja nguo za mkewe.

Tuliondoka mimi, Rosemary na mtoto, Sipriani anaendesha kwa kunyata kwa sababu ya makorongo, Siti akamshika Rosemary mkono mpaka Njia Nne tulipoingia lami. Yeye Siti alituacha tumepokewa Lindi, akarudi kwenye nyumba zake alizobakiza. Nilimuuliza kwa nini asikupigie simu akueleze, wewe ni wifi wa mgonjwa. Akasema ya mtu aliyehojiwa ni ya mwenyewe, hata mwalimu hapewi. Nikaona umefundisha vizuri, ingawa siku ile nilikuhitaji.

Nesi mwenyewe anaitwa Mwanasha, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alimpa dawa, lakini zaidi alimpa muda. Tulihamia Mtama kwa mama yake Rosemary, tukawa tunashuka Lindi kila wiki. Mwanzoni Rosemary alikuwa anaingia kwa Mwanasha na kutoka bila neno, nami nikawa nimeanza kukata tamaa. Nilikukumbuka sana siku zile. Nilikuwa nakaa kwenye benchi pale nje nasema, mdogo wangu yuko mahali, anafanya hivi hivi kwa watoto wa watu, na sisi tumeazima mdogo wa mtu mwingine.

Halafu asubuhi moja Mtama, mama yake alikuwa anamwogesha Faustino kwenye beseni, mtoto akapiga chafya, akajishtua mwenyewe. Rosemary akacheka. Kicheko kifupi, kama cha mtu aliyesahau kinavyokwenda. Akamchukua, bado ana maji, akamtazama, akasema, "Maskini, ana kidevu cha Klementi." Mama yake akainama kwenye beseni asionekane. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye kuni.

Tumerudi mwishoni mwa Agosti. Nisikudanganye kwamba yamekwisha. Ziko siku anaamka mzito, anakaa. Lakini sasa anasema, "Wifi, leo ni mbaya," nami namchukua mtoto, najua la kufanya. Klementi naye kila asubuhi anamuuliza amelalaje, tena anangoja ajibu. Waliosema karogwa bado wanasema, sasa wamehamia kwa mwingine. Na Siti, aliporudi wiki hii na Sipriani kumalizia kazi yao, Rosemary alimpokea kwa kumpa mtoto ambebe. Kile kishikwambi hawakukitoa hata mkobani.

Klementi anakusalimu na anasema usimcheke. Rosemary anasema ubatizo wa Faustino umesogezwa Desemba, na mama wa ubatizo ni wewe, hatasimama mwingine, hata ikibidi mtoto aende kanisani kwa miguu yake mwenyewe. Waambie wakubwa wa chuo waajiri watu. Kama hawana, wakuazime kwetu kwa wiki moja, tutakurudisha.

Barua hii nimemsomea Mama yote. Nilipomaliza nikamuuliza salamu zake niziandikeje. Alinyoosha mkono akaipapasa karatasi. Kisha akasema, "Mwandikie kwamba nilianza kumtazama nimechelewa, naye akaondoka mapema. Sasa macho yanaisha. Aje nimwone."

Mungu akufunike huko uliko, na akufungulie njia ya kuja.

Ni mimi dada yako nikupendaye tangu mgongoni kwa Bibi,
Apolonia