Mikono Yangu Siku ya Kukariri

Sanduku la Posta 318,
Cutler Hollow, Missouri.
Tarehe 6 Mei.

Mpendwa mdogo wangu Verna,

Hujambo huko Alaska na baridi yenu? Mguu wa Dwight umepona? Watoto wanakula vizuri? Sisi huku wazima, kuku wanataga, na Garth wangu bado anakoroma kama trekta.

Verna, mwezi Machi nilikupigia simu nikakwambia uwatangazie kanisani kwenu kwamba Keziah atapata nishani. Tafadhali waambie hakupata, na sababu ni mimi mama yake. Nimeshika kalamu hii siku nne, naona haya.

Unajua niliacha shule nina miaka kumi na sita, nikaenda kuchinja kuku kiwandani. Saba mara nane mpaka leo nahesabia vidole. Ndiyo maana nilipoamua kumsomesha mtoto nyumbani nilijiunga na hawa akina mama wa mtindo wa kale, wanaotaka mtoto akariri kwanza angali mdogo, maelezo yatakuja akikua. Garth alinicheka: "Unafuga kasuku, mke wangu?" Basi kasuku wake ana miaka tisa, anajua kuzidisha mpaka kumi na tano, ana Kilatini na zaburi sita kichwani. Majuzi Garth alikuwa akipima mbao za banda, na kabla hajatoa penseli sikioni Keziah akawa ameshamtajia jibu. Hajacheka tena. Kaunti nzima hakuna mtoto kama huyu, nasema hivyo hata na aibu yangu.

Mtihani mkubwa ni matukio ya historia mia na hamsini, kwa mpangilio, tangu uumbaji mpaka leo. Kila tukio lina ishara yake ya mikono ili watoto wasisahau. Anayetaja yote bila kukosea wala kusaidiwa ndiye anavishwa nishani.

Jumamosi tulikuwa ukumbi wa chini wa kanisa. Keziah alisimama mbele ya Marlys, kiongozi wetu. Mimi nilikaa nyuma ya Marlys. Alipofika kuanguka kwa Roma, mtoto akakwama. Verna, mikono yangu iliinuka yenyewe. Hapana, nisikudanganye, niliinua mwenyewe. Nikaweka vidole kichwani kama taji, akataja mfalme. Nikachomoa upanga hewani, akataja vita. Halafu akaacha kutaja, uso umemwiva.

"Bi Marlys, hayo mawili si yangu. Mama kanionyesha."

Wote waligeuka. Laiti Marlys angenikaripia! Alisema tu, "Nadine, dada yangu, hebu nenda nje kapunge upepo. Keziah mpenzi, anza upya."

Nikaenda kujifungia kwenye pikapu. Keziah alipotoka nikamuuliza amekosa mangapi.

"Matatu."

"Mimi ndiye nimekubabaisha."

"Ndiyo," akasema, akafunga mkanda.

Tuliendesha maili nne. Kisha akaniambia, "Haya, taja wewe." Nikataja matano, nikaishia hapo. "Kumbe, Mama! Unajua kupunga mikono tu." Alicheka kidogo. Mimi nililia.

Miaka yote hii nilidhani anakariri ili watu waone nimemlea vizuri. Mwenzangu alikuwa anajiwekea vyake, ambavyo hata mimi sina ruhusa ya kuvigusa.

Sasa kila asubuhi nikiosha vyombo ananifundisha. Nimefika la kumi na saba, na huwa hanionei huruma: "Rudia, Mama. Usiangalie dirishani." Mwakani atasimama tena. Mimi nitabaki nje.

Nisalimie sana Dwight, na Shangazi Opal umwambie skafu aliyomtumia Keziah imempendeza sana. Wabusu watoto. Mungu awape joto na afya huko mliko.

Nilikuwa nimeandika kwamba kanisani kwenu mseme mtoto aliugua siku ile. Nimeifuta sentensi hiyo. Kisha nikampa Keziah barua aisome kabla sijaifunga. Aliisoma yote, polepole, kidole kikifuata mistari, akanirudishia.

"Ndivyo ilivyokuwa," akasema. Ndipo nikaongeza mistari hii; sasa nailamba bahasha.

Dada yako akupendaye na haya zake zote,
Nadine