Mtu wa Tatu Sakafuni

Rexdale, Toronto
14 Februari 2009

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti limepoa. Sisi huku hatujambo, ila baridi haijatuachia. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii, naishia kupiga kelele hadi jirani anagonga ukuta.

Nimepata kazi, baba, na ni ile ile yako: askari magereza. Ni gereza la mahabusu, watu wanaosubiri kesi. Nilidhani huku nitakuta mambo mengine. Vyumba vilijengwa vya watu wawili, kitanda cha juu na cha chini. Tunaweka watatu. Wa tatu analala kwenye godoro sakafuni, kichwa karibu na choo. Askari wakipungua, tunawafungia ndani siku nzima, hakuna kuoga wala kupiga simu.

Yupo mzee mmoja, Ramzanali, miaka sabini na moja, mzaliwa wa Tabora. Alimsukuma shemeji yake wakigombana dukani, sasa anangoja kesi. Aliposoma jina letu, "Mkumbo", kifuani kwangu akauliza, "Binti, wewe wa Singida?" Nikajikuta nimempa shikamoo. Wenzangu wakacheka. Yeye ndiye analala sakafuni.

Ninyi mlifanyaje wafungwa walipozidi nafasi?

Mwanao,
Abigael

*

Singida
20 Machi 2009

Mwanangu Abigael,

Marahaba. Goti bado, lakini natembea. Mvua zimekuja vizuri, mtama umesimama.

Gereza letu lilijengwa kwa watu mia tatu, tukawa na mia tisa. Walilala kwa ubavu. Mmoja akitaka kugeuka, safu nzima inageuka. Kwa hiyo usimwombe mkubwa wako kitanda ambacho hana. Zungumza na hao wawili wa chumba kile. Mtu aliyefungwa ukimwomba kama mtu, mara nyingi anakubali.

Na shikamoo usiiache. Wacha wacheke.

Baba yako

*

Rexdale
9 Juni 2009

Baba,

Shikamoo. Sijui kama nasema kweli nikisema sijambo.

Ushauri wako ulifaa. Calvin, kijana wa kitanda cha chini, alishuka sakafuni, mzee akalala kitandani wiki sita. Kisha Calvin akahamishwa, wakaletwa wapya wawili, mzee akarudi chini. Kesi yake ikaahirishwa hadi Septemba.

Tarehe 21 Mei askari wanne hawakuja kazini. Nilibaki peke yangu na sehemu mbili, watu tisini na wawili, wote wamefungiwa. Sheria ni kupita kila mlango kila baada ya nusu saa. Sikupita kwa saa moja na dakika arobaini. Nilipofika kwa mzee, wenzake walikuwa wanapiga mlango kwa viatu. Mzee alikuwa ameanguka akienda chooni, nyonga imevunjika.

Nilizisikia kelele, baba. Lakini siku ya kufungiwa kila mlango unapigwa.

Akaniambia, "Pole binti, nimekusumbua."

Jioni ile msimamizi alinisogezea kitabu. "Jaza mizunguko yako. Kila mtu hujaza." Nikajaza kila nusu saa, na saini yangu.

Mzee amefia hospitali Alhamisi. Mwakani kutakuwa na uchunguzi wa kifo na nitaitwa. Nikisema kweli, kazi sina. Nikikaa na kitabu kile, hakuna atakayejua. Wewe ungefanyaje?

Mwanao,
Abigael

*

Singida
2 Januari 2010

Mwanangu,

Nimechukua miezi saba kukujibu. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa naandika na kuchana.

Mwaka 1986, mwezi wa kumi, mahabusu wawili walikufa kwa kukosa hewa katika chumba nilichokilinda. Niliandika kwamba saa nane mchana nilifungua mlango nikawahesabu, wote wazima. Sikufungua. Harufu ya mle ndani ilinishinda. Hakuna aliyeniuliza. Mwaka uliofuata nikapandishwa cheo. Mama yako alikufa hajui.

Mmoja aliitwa Valerian, fundi baiskeli wa Manyoni. Alikuwa hajahukumiwa.

Siwezi kukuambia ufanye nini. Nimekuambia mimi nilifanya nini.

Baba yako

*

Rexdale
30 Oktoba 2010

Baba,

Shikamoo. Niliisoma barua yako kwenye basi la barabara ya Kipling, nikapitiliza kituo.

Nimesema kweli kwenye uchunguzi. Nilofar, binti wa mzee, alikaa mstari wa mbele. Wakili akaniuliza, "Mizunguko hii uliifanya?" Nikajibu, "Hapana. Nilisaini tu." Akauliza nani alinielekeza. Nikamtaja. Msimamizi akakana.

Jopo la uchunguzi lilipendekeza askari waongezwe na watu wasilazwe sakafuni. Ni mapendekezo, siyo amri; rafiki yangu aliyebaki kule anasema bado wako watatu watatu. Mimi nilisimamishwa, kisha nikafukuzwa kwa kuandika uongo kitabuni. Msimamizi bado yupo. Sasa napanga mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege.

Tulipotoka, Nilofar alinipita akaenda zake. Simlaumu.

Usinihurumie. Nalala vizuri kuliko mwaka jana.

Mwanao,
Abigael

*

Singida
8 Januari 2011

Mwanangu Abigael,

Marahaba. Barua yako ilifika kabla ya Krismasi. Baada ya sikukuu nikapanda basi hadi Manyoni.

Mke wa Valerian yu hai. Nilimkuta anapeta mtama. Nikamwambia mimi ni nani na nilichoandika siku ile. Aliendelea kupeta mpaka mtama wa ungoni ukaisha, ndipo akasema, "Mimi waliniambia ni malaria." Akamwita binti yake kutoka ndani: "Clementina, njoo usikie." Nikasimulia tena toka mwanzo. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, maana binti alikuwa na maswali. Aliuliza kama walipiga mlango. Nikasema ndiyo, walipiga.

Clementina anataka niandikishe maelezo polisi. Tunakwenda Jumatatu, wote watatu. Nimeshapiga pasi shati.

Nikichelewa kukuandikia, usidhani naumwa.

Baba yako,
Winfred