Baba Mkwe Anaisifu Bia Yangu na Hajui Ni Yangu

Shangazi Apolena, shikamoo, na pole kwa mzigo wa barua za watu. Yangu naomba uifungue kwanza, maana Jumamosi inakuja, na nisipopata neno lako kabla ya hapo wazee wa meza nzima ya baa watapanda gari la mume wangu kwenda milimani kutafuta kiwanda cha bia ambacho hakipo duniani, na chanzo cha yote ni mimi.

Mimi nimeolewa huku Moravia ya kusini, kijiji ambacho kila mtu ana mizabibu isipokuwa baba mkwe wangu, Mzee Bohumír, ambaye divai haigusi, yeye ni mtu wa bia, tena si bia yoyote, ni laga ya rangi ya dhahabu yenye povu la vidole viwili, na moyoni mwake baada ya laga wanafuata nyuki wake, na baada ya nyuki ndipo tunafuata sisi watoto. Nami napika bia. Kazi hiyo nilifundishwa na mjomba wangu, na wakati wenzangu wanakwenda kwa waume zao na mashuka na vyombo vya udongo, mimi nilikwenda na masufuria makubwa na mapipa, na Mzee Bohumír akafurahi, akanipa ghala la nyuma ya nyumba, akawaambia watu kwamba mwanawe ameoa mwanamke mwenye akili.

Furaha hiyo iliisha siku nilipomkaribisha aonje. Nilipanga glasi uani, ya aprikoti, ya tangawizi na maganda ya machungwa, na ya cheri na mdalasini ambayo ndiyo niliyojivunia zaidi. Akaiinua ile ya cheri, akainusa kama mtu anayenusa soksi ya mwenzake.

“Mwanangu, hii ni nini?”

“Ni bia, baba. Ina cheri na mdalasini kidogo.”

“Nani anaumwa?”

“Hakuna anayeumwa, baba.”

“Basi dawa ya kikohozi umempikia nani?”

Akapiga funda moja, iliyobaki akamwagia maua ya dirishani, akaniambia kwamba bia ni maji, kimea, maua ya hopsi na hamira, na cha tano ni uhuni, na kwamba akitaka cheri anao mti wake mwenyewe na ngazi ya kupandia. Halafu akasema Sikukuu ya Mtakatifu Martin ikifika mwezi wa Novemba ghala anatia mbuzi wake, kwa sababu mbuzi hata wawe wajinga namna gani hawajawahi kuiharibu bia. Mume wangu Radovan alikuwa amekaa palepale, akatazama viatu vyake.

Sasa sikiliza, Shangazi. Kila kiangazi baba mkwe hutugawia asali yake ya maua ya akasia, ile nyeupe, akijua kwamba naipikia keki za Krismasi. Mwaka huu nilichukua sehemu nikatia kwenye bia, pamoja na giligilani iliyotwangwa, kiasi kidogo tu. Asali ikishachachuka utamu wote huliwa na hamira, hubaki kiharufu cha maua, kama mtu aliyepita chumbani akaondoka, na bia yenyewe huwa kavu, safi, ya dhahabu, ukiiangalia huwezi kuitofautisha na laga.

Siku ya sikukuu ya kanisa letu, watu wamejaa barabarani na bendi inapiga, rafiki yangu Hedvika mwenye baa akaja mbio ghalani na aproni yake, mapipa yamemwishia na lori la bia halijafika, akasema, “Nipe chochote cha manjano, dada, wazee wataninyonga!” Nikampa pipa la ile bia ya asali. Nikamsindikiza hadi baa, ambako baba mkwe na wazee wenzake wana meza yao, maana nilitaka kuona.

Baba mkwe alipiga funda la kwanza, na meza yote ikamkodolea macho, kwa sababu wale hawanywi mpaka wamwone yeye amemeza. Akafuta povu kwenye masharubu.

“Hedvika!”

“Naam, mzee.” Yule mwanamke alikuwa mweupe kama povu lenyewe.

“Hii umeitoa wapi?”

“Ina kasoro, mzee?”

“Kasoro! Ctibor, onja. Onja nakwambia! Hii ndiyo bia ya zamani, ya kabla watu hawajaharibika. Hakuna cheri, hakuna makorokoro. Maji, kimea, hopsi, hamira, kwisha.”

Mzee Ctibor akaonja, akafumba macho, akasema, “Inanikumbusha jeshini.”

“Jeshini ulikunywa maji ya radieta wewe! Hedvika, nauliza, nani kapika?”

Na Hedvika, badala ya kunitazama, akatazama dari, akasema inatoka milimani, Horní Brankov, jina ambalo mpaka leo hajui alilitoa wapi. Baba mkwe akapiga meza kwa kiganja. “Nilijua! Maji ya milimani!” Mimi nikaingia jikoni nikacheka ndani ya taulo mpaka machozi.

Tangu siku hiyo hawataki nyingine. Napika ghalani asubuhi, na baba mkwe anaingia na futi yake kupima mahali pa kufunga mbuzi, anayaruka mapipa yaleyale, ananiuliza, “Uchafu huu utatoka lini?”, na jioni anakwenda kwa Hedvika kuunywa uchafu huohuo na kuusifu kwa sauti inayosikika hadi kwa paroko. Na huyu, Shangazi, ni mtu anayejigamba kwamba ukimfunga kitambaa machoni ataitambua asali ya nyuki wake kati ya asali zote za nchi hii. Hedvika akimhudumia ananitumia ishara, nami napita dirishani kutazama, tunacheka.

Lakini sasa mambo yameiva. Juzi wakati wa chakula, baba mkwe aliweka uma chini akasema wazee wameamua kwenda Horní Brankov wakampe mkono huyo fundi, tena yeye amemwandalia chupa ya asali na kuifunga utepe mwekundu. Hata hotuba anayo, nimemsikia akiwahutubia nyuki.

“Radovan, Jumamosi utatupeleka?”

“Ndiyo, baba.”

Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

“Ndiyo, baba,” akasema tena.

Nilipomuuliza baadaye atawapeleka wapi wakati mahali penyewe hapapo, akaniambia nisiwe na wasiwasi, labda gari litaharibika. Hilo ndilo wazo lake lote.

Nifanye nini, Shangazi? Nikimwambia baba mkwe kweli, ataaibika mbele ya wenzake, na mtu aliyeaibika hangoji hata Mtakatifu Martin, atatoa mapipa yangu siku hiyohiyo. Nisipomwambia, watazunguka milimani na chupa ya asali kama Mamajusi, halafu Martin atafika vilevile na mbuzi wataingia. Nami nikikosa ghala sijui nitakuwa nani katika nyumba ile. Nitabaki kuwa mke wa Radovan tu, na Radovan mwenyewe umeshamwona. Naomba unijibu upesi, namba ya simu nimeiweka nyuma ya bahasha.

Ni mimi,
Mkwe wa Ghalani

*

Marahaba, Mkwe wa Ghalani.

Majina nimeyabadilisha, bia sikuibadilisha. Wewe mwenyewe unajua kwamba nilikupigia simu, maana Jumamosi haingojei gazeti. Ila niliyokuambia nayarudia hapa kwa faida ya wengine, kwa kuwa nchi hii haina upungufu wa wazee wanaojua kila kitu.

Kwanza pole. Kuitwa mhuni wa cha tano na mtu aliyekupa ghala kwa mkono wake ni uchungu, na ile glasi iliyomwagiwa maua nimeihisi mimi huku nilipo. Kazi unaijua. Mtu asiyeijua kazi hawezi kuificha asali ndani ya bia hata mwenye nyuki asiione.

Baada ya pole, sasa kaa vizuri nikukaripie. Unaniambia unaogopa mzee asije akaaibika. Si kweli, binti yangu. Ungeogopa hilo usingepita dirishani kutazama. Umemfanya baba wa watu kuwa mchezo wa kuigiza, wewe na mwenye baa mmekata tiketi za mbele, na kila jioni mnacheka. Nakuelewa, hata mimi ningecheka, tena ningecheka hadi Jumatatu. Lakini kicheko hicho kina mwisho wake, na mwisho wake ni mzee amesimama barabarani milimani na chupa yenye utepe, anauliza wapita njia, nao wanamwangalia kama amerukwa na akili. Hilo utaliweza? Kama ungeliweza usingeniandikia.

Na huyo Radovan! Mume anayesubiri gari liharibike limwokoe na baba yake anahitaji kuamshwa. Nilikuagiza umshike mkono, mwende wote wawili kwenye mizinga asubuhi, mzee akiwa peke yake, mbali na meza na mbali na Ctibor. Nikakukataza mambo mawili. Usiseme “ulikosea.” Na usiombe radhi kwa sababu ya cheri, maana cheri haina kosa. Sema tu, bia ile naipika mimi, nimetia asali yako, nilikuficha, na kukuficha ndilo kosa langu. Halafu funga mdomo.

Ulifanya hivyo, nawe ukanipigia kunieleza, na kwa ruhusa yako nawaambia wasomaji.

Mzee alisimama na kifaa chake cha kufukizia nyuki mpaka moshi ukaisha. Radovan, sifa zimwendee kwa mara ya kwanza, ndiye aliyefungua mdomo. Akasema, “Baba, Horní Brankov hakuna. Na mbuzi sitaki.” Mzee akamtazama mwanawe kama aliyemwona sasa hivi tu, kisha akakugeukia wewe.

“Ile ya cheri, ulitia asali yangu?”

“Hapana, baba.”

“Ndiyo maana.”

Akaenda zake ghalani, akajimiminia glasi.

Jumamosi wazee wakaja na mikate yao imeshakatwa na kofia za safari, na hakuna aliyethubutu kuwaambia warudi nyumbani. Bohumír akawapakia garini, Radovan akawazungusha kwenye mashamba ya mizabibu hadi walipochoka kutazama, akaja kusimama nyuma ya ghala lako. Ctibor alikuwa wa kwanza kushuka. Akanyoosha mgongo, akavuta hewa ya milimani, akasema, “Bohumír, mbona mbuzi wa huku wanafanana na wako?”

Hapo ndipo mzee alipotoa hotuba yake. Aliitoa yote, bila kupunguza neno, kuhusu bia ya zamani na mikono ya fundi asiyejionyesha, halafu akakukabidhi chupa ya asali mbele yao wote, nawe ukalia, na Ctibor akauliza kama kulia ni sehemu ya mapishi. Kweli, mwishoni aliongeza kwamba kazi kubwa ilifanywa na nyuki wake, na kwamba maji na kimea vilisindikiza tu. Ulimwacha aseme. Hapo ndipo nilipojua kwamba umekomaa.

Nilidhani tumemaliza, kumbe simu ikalia tena wiki hii. Mbuzi wamebaki zizini kwao, ghala ni lako, lakini sasa unalalamika kwamba baba mkwe hatoki humo. Anakuja kabla hujavaa aproni. Anakosoa moto, anataka kujua kwa nini aprikoti haina asali, amekuletea iliki aliyonunua mwenyewe, na majuzi ulipogeuka kidogo alitia karafuu konzi nzima kwenye sufuria kwa sababu, alisema, bia ilikuwa inamwangalia kinyonge. Unaniuliza umtoe vipi bila kumvunja moyo.

Humtoi. Ulililia ghala, umepata ghala pamoja na mwenyewe ndani yake, na bei hiyo wanawake wengi wangeilipa wakiimba. Mwekee kiti karibu na dirisha, mwache aone njia na njia imwone. Mpe kazi ya kuosha mapipa, maana mtu wa laga anajua pipa safi ni lipi, na umsifu akimaliza. Bia mpya ikiiva awe wa kwanza kuonja, na akisema ni dawa ya kikohozi, mwambie akohoe. Hiyo yenye karafuu usiimwage. Mpelekee Hedvika auze wakati wa baridi, ikanywewe moto, na Ctibor atakumbuka jeshi jingine.

Na kopo la karafuu, binti yangu, lipandishe kwenye rafu ya juu kabisa, halafu ile ngazi yake ya kupandia cheri mwazime jirani.

Shangazi Apolena