Mguu Haukuvunjika, Mama, Ni Viatu vya Talon

Uvira, Mulongwe

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mapendo, wewe na wote walio uani kwako huko Moba. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma, unaitumia, ama umeshampa jirani kama kawaida yako? Sisi huku tuko wazima. Mvua ilinyesha sana, mto Mulongwe ukajaa mpaka karibu na jiko letu, lakini maji yalirudi na nyumba ingali imesimama. Mume wangu anakusalimu sana. Bado anatengeneza mitumbwi bandarini Kalundu, na mgongo unamsumbua asubuhi tu.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya habari uliyoletewa na yule nahodha wa mashua ya mahindi, kwamba mimi Sifa nilianguka kanisani nikavunjika mguu. Juzi kwenye simu ulilia, halafu mtandao ukakatika kabla sijakueleza. Mama, mguu haukuvunjika. Kuanguka nilianguka, hiyo sikatai. Lakini mwisho wa hadithi yenyewe ni mtamu, kwa hiyo mwambie mdogo wangu Riziki akae karibu na dirisha akusomee polepole, asiruke mistari.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikueleza habari za marehemu Mama Neema, yule aliyenifundisha kazi ya kubeba mizigo bandarini nilipofika huku sijui mtu. Tangu atuache, binti yake Neema amekulia kwangu. Sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, na kijana mmoja wa mtaa wa Kimanga anayeitwa Héritier alikuja kumposa. Ni kijana mzuri, ana adabu. Watu wa kwao wana duka la mabati na simenti.

Siku ya kupanga arusi tulikaa sebuleni kwao, tukapewa soda. Walipouliza nani atakuwa marraine, ndiyo mama wa kumsimamia bibi arusi na kuingia naye kanisani, Neema akajibu bila kungoja, "Ni Mama Amani." Huku wote wananiita hivyo, kwa jina la mwanangu wa kwanza.

Shangazi yake Héritier aliniangalia kuanzia kilemba, akashuka mpaka miguuni, na macho yake yakabaki huko.

"Ule mama iko anabeba samaki Kalundu," akawaambia wenzake, kama vile mimi sipo. "Marraine anavaaka talon. Miguu ile itaingia mu talon gani? Arusi itakuwa na kamera, itakuwa na wageni wa Bujumbura. Ataanguka, atatupatisha haya."

Mama, niliitazama miguu yangu. Unaijua, maana ni wewe uliyeizaa. Imepanuka kwa mizigo, visigino vimepasuka kwa maji na mchanga, na siku hiyo ilikuwa ndani ya kandambili. Nilitamani kuificha chini ya kiti.

"Minye bila Mama Amani siingii kanisani," Neema akasema.

Sijui nguvu ilitoka wapi, nikasikia ninasema, "Shangazi, arusi bado majuma sita. Nitavaa talon. Na sitaanguka."

Njiani kurudi nyumbani nilianza kuogopa. Sikuwahi kuvaa talon, viatu vya kisigino kirefu, hata siku moja. Siku ya arusi yangu mwenyewe, unakumbuka, nilivaa vile vyeupe vya dada yako, bapa kama ubao.

Nilikwenda kwa Solange, msichana anayesuka nywele Kimanga na kukodisha nguo za arusi. Alitoa viatu vyote vya namba yangu, na vilikuwa jozi moja tu, vyekundu, kisigino kirefu kama kidole cha kati. Kuviingia ilikuwa vita. Solange alisukuma, mimi nikavuta, tukapaka mafuta ya mawese, vikaingia. Nikasimama huku nimeshika ukuta. Halafu nikajiona kwenye kioo chake kikubwa.

Mama, acha nikuambie ukweli hata kama Riziki atacheka. Nilijipenda. Nimefika miaka arobaini na moja bila kujua kwamba nina mashavu ya miguu mazuri namna ile. Mgongo ulinyooka wenyewe. Nikawa mrefu kuliko rafu ya Solange, nikaona vumbi juu yake. Nikacheka peke yangu kama mtoto.

Kisha nikajaribu kutembea, na kicheko kikaisha.

Kifundo kiligeuka kulia, kikageuka kushoto. Nilikuwa nakunja magoti kama mtu anayevuka mto. Solange alipiga kelele kutoka kwenye kiti chake, "Mama, kisigino kwanza, halafu vidole! Hatua ndogo! Usiangalie chini!" Lakini nisipoangalia chini naogopa, na nikiangalia chini nayumba. Baada ya siku tatu vidole vilikuwa na malengelenge, na pale bandarini nilibeba mizigo nikichechemea. Wenzangu wakaniuliza kama nimepigwa nyumbani.

Baba Amani mwanzoni alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini alipoona sikati tamaa, akawa akirudi kazini ananishika mikono miwili na kutembea kinyumenyume uani, akinivuta, vile alivyomfundisha Amani kutembea. Uani kwetu ni mchanga, visigino vilizama kila hatua. Akaenda akaleta mbao zake mbili, akazipanga kutoka mlangoni mpaka jikoni, nikawa napita hapo. Majirani walikuja na viti vyao kutazama.

Juma la tatu nikajiona nimejua. Jumapili nikavaa kwenda kanisani. Ndiyo kosa langu. Kwenye lango kuna changarawe na mteremko kidogo, na waimbaji walikuwa wamesimama hapo wakingoja kuingia. Kisigino kiliteleza, nikaenda chini na Biblia na kila kitu. Wengine walikimbia kuniinua, wengine walicheka, na mmoja kati ya waliocheka alikuwa jirani wa yule shangazi. Jioni ile habari ilikuwa imefika Kimanga. Ndiyo hiyo hiyo iliyokufikia wewe, ila njiani ilivunja na mguu.

Goti lilichubuka, basi. Lakini moyo uliuma. Nilitupa viatu chini ya kitanda, nikamwambia Neema atafute mama mwingine mwenye miguu ya kukaa ofisini. Neema hakubishana. Alikaa chini, akachukua mguu wangu akauweka mapajani pake, akaanza kuusugua kisigino kwa jiwe na sabuni. Nililia, Mama. Nilimwambia aache. Hakuacha.

Kesho yake nilikwenda kazini kama kawaida. Mashua ya ndagala, wale samaki wadogo, ilikuwa imefika, nasi tukapanga mstari kuishusha. Unajua pale hakuna ngazi, kuna ubao mmoja tu mwembamba kutoka mashuani mpaka ufukoni, nao unanesa. Nilishuka na beseni limejaa kichwani, mkono mmoja umeshika nguo yangu isilowe. Solange alikuwa amekuja kununua ndagala. Akaniona. Akapiga kelele mpaka watu wote wakageuka.

"Weye mama! Unapita juu ya kaubao kale, na muzigo mu kichwa, huangalii chini hata mara moja, halafu viatu vinakushinda?"

Nikasimama ufukoni na beseni langu. Kweli, sikuwa nimewahi kuliwaza hilo.

Siku ile ile alinipeleka kwake, akanivika vile vyekundu, akajaza maji kwenye beseni akanitwika kichwani. "Tembea," akasema. Mwili ulijua wenyewe la kufanya, Mama. Shingo ikanyooka, tumbo likaingia ndani, hatua zikawa ndogo, macho yakaenda mbele. Ko, ko, ko, ko, kutoka mlangoni mpaka kwenye kioo. Hata tone halikumwagika. Wateja waliokuwa wakisukwa wakapiga makofi na nywele zao zimesukwa nusu. Nikageuka nikarudi, ko, ko, ko. Sijui kama nimewahi kusikia sauti tamu kama ile, na ilikuwa inatoka miguuni pangu.

Baada ya hapo ilikuwa mazoezi tu. Kwanza na beseni, halafu na kitambaa kilichokunjwa, halafu bila kitu. Nikajua kupanda ngazi, kushuka ngazi, kukaa na kuinuka bila kushika meza. Nikajua kwamba kwenye changarawe mtu anakanyaga kwa vidole.

Siku ya arusi kanisa lilijaa mpaka madirishani. Nilivaa kitenge cha kijani na vile viatu vyekundu. Muziki ukaanza, mimi na Neema tukaingia kwa ile hatua ya polepole, mbili mbele, moja pembeni. Nilimwona shangazi kwenye benchi la mbele. Alikuwa anaangalia miguu yangu, na mimi nikamwacha aiangalie vizuri.

Mbele, kwenye ngazi tatu za madhabahu, Neema akakanyaga gauni lake. Nilihisi mkono wake unaniponyoka, mwili mzima unakwenda mbele. Mama, sikuwaza. Nilimshika kiunoni, nikakaza magoti, nikamrudisha wima, nami juu ya visigino vile sikutikisika. Muziki haukukatika. Vigelegele vilipigwa mpaka mchungaji akainua mkono kuomba utulivu. Neema alininong'oneza, "Asante, mama." Hakusema Mama Amani. Alisema mama.

Kwenye sherehe nilicheza mpaka jua likashuka. Wakati wa chakula shangazi alikuja kukaa karibu nami, amevua viatu vyake, anasugua vidole chini ya meza.

"Mama Amani," akasema, "minye vinaniuaka kila mara. Weye ulijifunzia wapi?"

"Kalundu," nikamjibu. "Wakati wa kushusha ndagala."

Alinitazama kujua kama namtania. Kisha akacheka, akanisogezea sahani ya nyama, na tukala pamoja.

Basi Mama, ndiyo habari kamili. Mwambie yule nahodha aje asomewe. Nisalimie kaka yangu mkubwa na mke wake, mjomba mwenye shamba la karanga, na bibi wa jirani anayekuchotea maji. Riziki, asante kwa kusoma, na ujue nimekuwekea kitenge. Amani na wadogo zake wanakubusu mikono wewe nyanya yao.

Solange aliniuzia vile viatu, alisema haviwezi tena kumwingia mtu mwingine kwa jinsi nilivyovipanua. Jana chumvi iliisha. Kibanda cha chumvi kiko ng'ambo ya barabara tu. Hakukuwa na arusi, hakukuwa na kamera, hata kanisa. Nilivua kandambili, nikavaa vyekundu, nikaenda kununua chumvi.

Ni mimi binti yako wa pili, mzima wa miguu yote miwili,

Sifa, Mama Amani