Simiyu, Usiondoke Uwanjani Mbale

Mjukuu wangu Simiyu,

Mimi ni mzima. Ng'ombe pia ni wazima, hata yule mweusi ambaye ni mkaidi kama wewe. Mkono unaoandika hapa ni wa Nekesa, binti wa jirani, kwa sababu kalamu unajua sikuishika hata siku moja. Nimemwambia asipunguze neno wala asililainishe. Na wewe usijifungie chumbani na barua hii. Isome kwa sauti mbele ya Mzee Inasi na wale vijana wote, maana nitakayosema yanawahusu wao pia.

Barua yako ilinikuta sokoni Chwele. Nekesa alinisomea tukiwa tumekaa juu ya gunia la maharagwe, na alisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilidhani anakosea. Ati umemuumiza mtoto wa watu. Ati mwisho wa mwezi unafunga sanduku na kurudi, ukaombe tena ile kazi ya kupima mahindi Kitale. Ati wewe si mwalimu wa kriketi na hukupaswa kabisa kuvuka mpaka kwenda Uganda. Siku hiyo kila aliyekuja kununua maharagwe nilimgombeza, mpaka Nekesa akaniomba nitangulie nyumbani.

Sasa nimepoa. Nisikilize.

Unaukumbuka mwaka wa tohara yako? Baba yako alikuwa amechukuliwa vitani na hakurudi, mama yako ameolewa kwingine, na wewe umebaki kwangu. Wenzako walikuwa na baba wa kuwatayarisha. Wewe ulikuwa na mimi tu, na mimi sikutaka mtu aseme ati huyu amelelewa na kikongwe, atatetemeka mbele ya kisu. Kwa hiyo kila asubuhi nilikusimamisha kando ya ghala, nikachukua kikapu cha magunzi, nikawa nakurushia usoni moja moja. Ukipepesa jicho, tunaanza tena. Ukirudi nyuma hata kidogo, hakuna uji. Nilikuwa mkali, nakubali. Siku moja gunzi likakupasua mdomo, ukabaki umesimama kama nguzo ya nyumba, damu inateremka kidevuni, unaniangalia tu. Nikasema, "Huyu sasa ni wangu."

Na siku yenyewe ulipotoka mtoni umepakwa matope, ulisimama vizuri kuliko wote. Watu wanasema mpaka leo. Wasichojua ni kwamba mimi nilikuwa nyuma ya jiko, nimeuma kanga yangu kwa meno, nalia kama mjinga. Hilo sijamwambia mtu yeyote. Nekesa hapa ameacha kuandika ananitazama. Andika, mama.

Halafu tukahamia Kitale, mimi nikifulia watu nguo, wewe ukiwa mkubwa tayari, umepata kazi kwenye ghala la mahindi. Wale Wahindi wa madukani walikuwa na timu yao ya Jumapili, wakapungukiwa na mtu mmoja, na kwa kuwa walikuona ukirusha mawe kufukuza nyani, wakakuita. Unakumbuka siku ya kwanza nilipokuja kutazama? Nilikaa pale na kikapu changu tangu asubuhi. Watu wazima wamevaa nguo nyeupe, wamesimama kwenye jua, kila mmoja mbali na mwenzake kama waliogombana. Nikakuuliza mnamngoja nani. Ukacheka mpaka ukashika mbavu, ukasema tayari mnacheza. Nilidhani unanidanganya. Kisha wakaacha wakanywa chai, wakarudi kusimama tena, nikajua hawa kweli kazi hawana.

Lakini ulinieleza, na nikaelewa upesi. Mmoja anatupa mpira mgumu, mwingine analinda vile vijiti vitatu kwa ubao. Basi. Hapana haja ya shule kuelewa hilo.

Ilipofika zamu yako ya kushika ubao, mpira ukaruka ukakupiga kifuani. Ule mlio niliusikia nikiwa nimekaa mbali. Na wewe hukusogea, hukushika kifua wala hukupepesa jicho. Wahindi wakapiga makofi, na mimi nikainuka nikapiga vigelegele, nikawaambia wake zao huyo ni mjukuu wangu.

Hapo, Simiyu. Hapo ndipo nilipokosea. Ningenyamaza. Miaka yote uliyochezea timu ile ulikuwa unarudi na mbavu za rangi ya zambarau, na mimi nakukanda kwa maji ya moto huku nikikusifu. Hakuna aliyekuambia lolote, kwa sababu wao walikuchukua wajaze nafasi, hawakukuchukua wakufundishe.

Mtu wa kwanza kukufundisha ni huyo Mzee Inasi. Nilikuwa nimesharudi Chwele, nikacheka sana barua zako za mwanzo zilipokuja kutoka Mbale. Mgoa, mtu wa Goa kule India, mwenye mvi, miguu imepinda, amefundisha vijana kriketi tangu wewe hujazaliwa, na alikutaka wewe kwa sababu Kibukusu chetu na lugha ya Wagisu wa huko ni ndugu, vijana wangekusikia vizuri kuliko yeye. Ukafika huko na ubao wako mkononi, mwalimu mpya, naye akauchukua akauweka chini. Mwezi mzima akakufanya uchezeshe miguu tu. Hatua mbele, hatua nyuma, pembeni, bila mpira, bila ubao, na vijana wa shule wanakuangalia wakiuliza kama mwalimu wao ameshikwa na siafu. Uliandika ukiwa na hasira. Ulisema huyu mzee anafundisha woga, anafundisha watu kukimbia mpira. Na mimi, mzee mzima, nikakujibu ni kweli, Wagoa hawatahiri, wanajua nini.

Kwa hiyo Mzee Inasi aliposhikwa na malaria akalala wiki nzima, ukawafundisha vijana njia yetu. Simama. Usipepese. Atakayesogea, wenzake wamzomee. Na yule mtoto Mafabi akakutii kuliko wote, akasimama kama nguzo mpira ukimjia usoni, na sasa hana meno mawili ya mbele.

Umeandika kwamba mzee alipopona hakukupigia kelele. Ni jambo dogo tu alilokuambia, na Nekesa amenirudia maneno hayo mpaka nimeyashika: "Majasiri wasio na meno nimewaona wengi, Simiyu. Mimi namtaka yule anayesogea, kesho arudi acheze tena."

Nimelala na maneno hayo siku tatu. Kwanza niliyachukia. Kisha nikafikiri. Siku ya tohara ni moja tu katika maisha ya mtu. Unasimama, yanakwisha, hurudii tena. Lakini mpira unarudi. Wanautupa tena na tena mpaka jioni. Mtu atasimama mara ngapi? Mbavu zako zinajua jibu. Huyo mzee wa watu anasema kweli, nami nilikuwa mjinga, na ujinga wangu ndio uliofika Mbale ndani ya kichwa chako.

Kwa hiyo lile gunzi nililirusha mimi. Meno ya Mafabi yako juu yangu kabla hayajawa juu yako. Usinibishie.

Lakini hili la kufunga sanduku, bana, sikuungi mkono. Au unadhani huko ndiko kusogeza miguu? Huko ni kukimbia. Mimi ni mzee lakini tofauti hiyo naijua. Ukija hapa, wale vijana watabaki na nini? Watabaki na wiki ile moja uliyowafundisha vibaya, na wataamini hivyo mpaka wazeeke, kama mimi. Mafabi atasimamisha watoto wake na kuwarushia vitu usoni. Nani atamwambia vingine? Mzee Inasi anazeeka, na lugha yao hana. Wewe unayo. Kosa umelifundisha kwa mdomo wako, basi mdomo huohuo urudi uwanjani uwaambie, "Nilikosea, tazameni miguu yangu." Wakicheka, wacheke. Mimi nilicheka pia, na sasa sicheki.

Nakupenda kuliko unavyojua. Nilikulea kwa mkono mgumu kwa sababu niliogopa, na sikutaka uione hofu yangu. Ulikuwa mtoto mzuri. Hata uji niliokunyima ulistahili kuupata. Ningekuwa na nafasi tena, ningekurushia magunzi hayohayo, halafu nikuambie uyakwepe, na tungecheka wote wawili.

Nimekwisha kuulizia treni. Jirani yetu wa reli anakuletea barua hii, na Alhamisi inayofuata nitapanda mwenyewe pale Bungoma, nibadilishe Tororo, nifike Mbale. Nina jogoo mkubwa na kibuyu cha maziwa ya mgando. Nitakwenda kukaa na mama yake Mafabi jikoni kwake, nimwambie mtoto wake aliumizwa na kikongwe wa Chwele ambaye hajamwona. Akitaka kunitukana, anitukane. Huo ni mzigo wangu, na huo haukuhusu.

Wewe usije kunipokea stesheni. Uwe kazini. Na nikishuka nikakukuta hapo umesimama na sanduku, sitasema neno. Nitalichukua, nitalitia kichwani kwangu, nitalibeba mimi mwenyewe katikati ya mji wa Mbale mpaka uwanjani, wewe ukinifuata nyuma, na vijana wako wote wakituona.

Nekesa ameandika jina langu, nami nimeweka kidole cha gumba chini yake ili usiseme si mimi.

Bibi yako na mlezi wako, anayekuja,
Kukhu